Mzee Mwenye Saa Mfukoni

Tamthilia ya televisheni inayorushwa kwa wiki kumi na zaidi hukopa kwa mtazamaji wake kila wiki: hukopa subira, hukopa kumbukumbu, na hukopa imani kwamba maswali yanayoachwa njiani yatajibiwa kabla ya msimu kwisha. Deni hilo hulipwa katika sehemu za mwisho, na malipo yanayongojwa kwa hamu kuliko yote ni kujulikana kwa adui, yaani yule ambaye wahakiki wa fasihi humwita mhusika mkinzani na ambaye watazamaji wa kawaida, wale wanaojua kwamba staringi hafi, humwita kwa neno fupi tu la adui. Tendo la kumtoa adui mafichoni mbele ya macho ya watazamaji litaitwa hapa ufichuzi, na mazungumzo haya yanashikilia kwamba mshtuko ni sehemu ndogo tu ya kazi ya ufichuzi, kwa sababu kazi yake hasa huanza pale mtazamaji anaporudi nyuma akilini na kukuta mambo aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe yamebadilika maana.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni mwisho wa msimu wa mwaka 2007 wa Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza kurushwa Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, ikasimamishwa mwaka 1989, na kufufuliwa mwaka 2005 chini ya mtunzi Russell T Davies. Tamthilia hiyo ni ya bunilizi ya kisayansi, utanzu ambao huanzia kwenye jambo linalodhaniwa kuwa linaweza kutendeka kwa nguvu ya elimu, kama vile kusafiri katika wakati, kisha huuliza binadamu atakuwa mtu wa namna gani jambo hilo likitendeka. Mhusika wake mkuu, ambaye hana jina jingine ila Daktari, ni wa jamii ya viumbe waitwao Mabwana wa Wakati. Husafiri karne hadi karne ndani ya chombo kiitwacho TARDIS, na anapokaribia kufa mwili wake hujigeuza ukawa mwili mpya wenye sura mpya na tabia mpya. Mbinu hiyo ya kujigeuza ilibuniwa mwaka 1966 kwa sababu ya kikazi tu, pale mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipomwachia nafasi Patrick Troughton, lakini iliacha mlango wazi ambao watunzi wa baadaye waliupitia mara nyingi, kwani ikiwa Bwana wa Wakati anaweza kuwa na sura yoyote, basi adui wa ukoo huo anaweza kuwa mtu yeyote aliyemo chumbani.

Adui huyo yupo, na jina lake ni Master, neno lenye maana ya bwana anayetaka kutiiwa. Aliingia katika tamthilia mwezi Januari 1971, akiigizwa na Roger Delgado, na tangu mwanzo alikuwa mtu wa kujificha: katika kisa kimoja cha mwaka huohuo alivaa joho la kasisi na kujiita Magister, ambalo ni jina lake mwenyewe kwa Kilatini. Hata hivyo, Master wa zama zile alikuwa akiwaficha wengine tu. Yeye mwenyewe alijijua, na mtazamaji alimjua tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo raha ya kumtazama ilikuwa raha ya kungoja wengine wafumbuke macho. Mwaka 2007 Davies alifanya jambo gumu zaidi, kwa kumficha adui ndani ya mtu ambaye hajui kwamba yeye ndiye adui.

Sehemu ya kwanza kati ya tatu za mwisho, iitwayo Utopia, ilirushwa Jumamosi ya tarehe 16 Juni 2007, ikiongozwa na Graeme Harper. Inampeleka Daktari, aliyeigizwa na David Tennant, pamoja na wenzake Martha Jones na Kapteni Jack Harkness, hadi mwaka trilioni 100, wakati nyota zinazimika moja baada ya nyingine na mbingu imebaki giza. Huko, katika sayari iitwayo Malcassairo, mabaki ya mwisho ya binadamu wamejibanza ndani ya ngome wakingoja roketi itakayowapeleka mahali wanapopaita Utopia, ambako ishara isiyoeleweka inawaita. Njia za ngome hiyo zimejaa watu waliolala chini na mabegi yao, na picha za ndugu waliopotea zimebandikwa ukutani. Ni kambi ya wakimbizi hasa, na yeyote aliyewahi kuiona kambi ya wakimbizi ataitambua mara moja.

Anayeitengeneza roketi ni Profesa Yana, mzee mpole aliyeigizwa na Derek Jacobi. Yana anachoka, anasahau, anacheka kwa aibu akisifiwa, na ameunda mitambo yake kwa vyakula, kamba na pini za stepla kwa kuwa hakuna kingine kilichobaki. Anajua kwamba roketi haitaruka bila mtu kubaki nyuma kuiendesha, na amekwisha kukubali moyoni kwamba mtu huyo atakuwa yeye. Mara kwa mara anashika kichwa, kwa sababu tangu utotoni anasikia ngoma zikipigwa ndani yake, na siku hii, kila Daktari na wenzake wanapotaja maneno ya safari za wakati, ngoma zinazidi kukaribia. Mtazamaji anampenda mzee huyu bila kuombwa. Muda mwingi wa sehemu hii umetumika kumfanya apendwe, na muda huo, kwa jinsi mambo yanavyokwenda baadaye, haukupotea hata dakika moja.

Kisha inatoka saa. Ni saa ya mfukoni ya kizamani, yenye kifuniko kilichochorwa miduara iliyoingiliana, na Yana anaieleza kama kitu kikuukuu kisichofanya kazi, alichokutwa nacho alipookotwa akiwa mtoto yatima. Hapa inafaa kueleza namna saa hiyo inavyofanya kazi, maana uaminifu wote wa ufichuzi huu umo ndani yake. Katika kisa cha sehemu mbili kilichorushwa tarehe 26 Mei na 2 Juni mwaka huohuo, ambacho Paul Cornell alikitunga kutokana na riwaya yake ya mwaka 1995, Daktari aliwakimbia maadui zake kwa kujigeuza binadamu kamili: mtambo uliubadilisha mwili wake chembe kwa chembe, ukaichukua kumbukumbu yake yote na kuifungia ndani ya saa ya mfukoni, naye akaishi mwaka 1913 kama mwalimu wa shule huko Uingereza, bila kujua kwamba aliwahi kuwa mwingine. Saa ile ilikuwa na kinga ya pekee: mwenye nayo huiona bila kuitazama, huishika bila kuijali, na wazo la kuifungua halimjii. Martha alikuwepo kisa kile chote. Aliilinda saa ile, na anazijua nakshi zake.

Kwa hiyo Martha anapoigeuza saa ya Yana mkononi na kuiona miduara ileile, mtazamaji aliyekuwa makini wiki tatu zilizopita anaduwaa pamoja naye, katika sekunde ileile, bila mtu yeyote kumweleza kitu. Huu ndio ustadi wenyewe. Mtunzi hakuleta ushahidi mpya dakika za mwisho, wala hakuficha chochote. Aliuweka ushahidi mezani mapema, akaufunika kwa kisa kingine kilichokuwa kizuri kiasi cha kumfanya mtazamaji adhani kimejitosheleza. Wasomaji wa riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wanaijua haki hii, kwamba Bwana Msa hatakiwi kufumbua fumbo kwa jambo ambalo msomaji hakupewa nafasi ya kuliona. Na kuna kidokezi cha mapema zaidi, kwa maana ya jambo dogo linalotangulia kubwa na kuliashiria: katika sehemu iliyorushwa tarehe 14 Aprili, kiumbe mkongwe aitwaye Face of Boe alikata roho akimwambia Daktari, aliyeamini kwamba jamii yake yote imeangamia vitani, kwamba hayuko peke yake. Maneno hayo yalipokewa kama faraja. Herufi za mwanzo za maneno hayo manne kwa Kiingereza zikiunganishwa zinatoa jina Yana.

Aristotle, aliyeandika juu ya tanzia za Wagiriki zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alitenganisha mambo mawili: utambuzi, yaani kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua, na mgeuko, yaani hali ya mambo kupinduka kuelekea kinyume chake, naye alisema kwamba utambuzi ulio bora ni ule unaokuja pamoja na mgeuko, kama unavyomjia mfalme Oedipus anapogundua kwamba mhalifu anayemtafuta ni yeye mwenyewe. Katika maabara ya Yana utambuzi unawajia watu watatu kwa mfuatano wa karibu sana: Martha anaitambua saa, Daktari anayatambua maneno ya marehemu, na mzee, akiwa amebaki na saa mkononi huku ngoma zikivuma kichwani na sauti za Delgado na Anthony Ainley, waigizaji waliomtangulia katika nafasi hiyo, zikitoka humo kama mnong'ono, anainua kifuniko. Mwanga wa dhahabu unampiga usoni. Hakuna pembe zinazoota, hakuna meno yanayochomoza, hakuna rangi yoyote ya ziada iliyopakwa. Jacobi anabadilisha macho tu, na yale mashavu yaliyokuwa ya babu wa kila mtu yanakuwa mashavu ya mtu anayehesabu. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na ni mara chache methali hiyo hutimia neno kwa neno namna hii, kwa kuwa kilichomla Yana alikibeba maisha yake yote katika mfuko wa koti.

Jambo la kwanza analolifanya mtu huyu mpya ni kuushika mtambo wa milango, akaifunga ili kumzuia Daktari, kisha akazima ulinzi wa ngome ili wala watu wanaozunguka nje waingie. La pili ni kumuua Chantho. Chantho ni msaidizi wa Yana, wa mwisho wa jamii yake, na kwa adabu za kwao kila sentensi yake lazima ianze kwa silabi moja ya jina lake na kuishia kwa nyingine. Kuziacha ni sawa na kutukana, na mapema Martha alikuwa amemshawishi azungumze bila hizo, akafanya hivyo mara moja na kucheka kama msichana aliyekutwa akidokoa. Sasa anamwelekezea bastola mzee aliyemhudumia na kumpenda kimya kimya miaka yote, naye anauawa kwa waya wa umeme, lakini kabla ya kukata roho anafyatua risasi inayomlazimisha Master kujigeuza na kutoka akiwa kijana, akiigizwa na John Simm. Aliyemwigiza Chantho, akiwa amefunikwa uso kwa kinyago cha mdudu, ni Chipo Chung, Mzimbabwe aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1977 katika familia ya wakimbizi wa vita vya ukombozi wa nchi yao. Mwigizaji aliyezaliwa ukimbizini ndiye aliyepewa nafasi ya mhudumu wa wakimbizi wa mwisho ulimwenguni, na hata kama waliomchagua hawakulifikiria hilo, upole anaoutoa kupitia kinyago kile ni mojawapo ya mambo mazuri mno katika sehemu hiyo.

Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki inayo njia yake ya kale ya kumshughulikia adui aliyejificha, na kuilinganisha na njia ya Davies kunasaidia kuona kila moja inataka nini. Katika hadithi nyingi za mazimwi, binti anawakataa wachumba wote wa kijijini, anatokea mgeni mtanashati, anaolewa, anachukuliwa mbali. Msikilizaji, hata akiwa mtoto wa miaka mitano, anajua tangu mgeni anapobisha hodi kwamba yule ni zimwi, na mara nyingi mdogo wake binti amekwisha kuona dalili. Hali hiyo ya msikilizaji kujua jambo ambalo mhusika halijui huitwa kinaya cha kidrama, na nguvu yake ni hofu ya muda mrefu pamoja na kilio cha ndani cha kutaka kumwonya binti. Ufichuzi wa Yana unafanya kinyume. Hofu yake ni fupi mno, lakini huzuni yake ni ndefu, kwa sababu zimwi la hadithini lilivaa umbo la mtu ilhali Yana alikuwa mtu kweli: alizeeka kweli, alihurumia kweli, na roketi aliyoitengeneza aliitengeneza kwa moyo mweupe. Saa inapofunguliwa, mtu mwema anakufa bila kaburi, na muuaji wake anatembea akiwa amevaa mikono yake.

Ndiyo maana ufichuzi huu ulimfikia hata mtoto wa mwaka 2007 ambaye hakuwahi kulisikia jina la Master, kwani adui huyo alikuwa hajaonekana katika televisheni tangu filamu ya mwaka 1996. Mtoto huyo hakuhitaji historia; alihitaji kumpenda mzee, na mzee alipendwa. Sivyo ilivyokuwa mwaka 2024, katika msimu wa kwanza kamili wa Ncuti Gatwa, mwigizaji aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992 na kukulia Uskoti, ambaye ndiye Mwafrika wa kwanza kwa asili kuwa Daktari mkuu wa tamthilia hii. Fumbo la msimu ule lilizunguka jina la mwanamke tajiri wa biashara za teknolojia, Susan Triad: watazamaji waliona haraka kwamba herufi za S Triad zikipangwa upya zinatoa neno TARDIS, na walipokwisha kujipongeza wakagundua kwamba mtego ulikuwa kwingine, kwamba jina la Sue likifuatwa na neno tech hutamkwa Sutekh, mungu wa mauti aliyeshindwa katika kisa cha mwaka 1975. Sauti yake ilikuwa ya Gabriel Woolf yuleyule wa mwaka 1975, na hilo ni jambo la kustahiwa, lakini kwa mtazamaji ambaye hakuwa amezaliwa mwaka huo, jina lililotamkwa kwa ngurumo lilibaki kuwa ngurumo. Halikubadilisha maana ya mapenzi yoyote aliyokuwa nayo kabla, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amempenda Sutekh.

Haya yote, hata hivyo, ni nusu ya jambo. Ufichuzi wa Yana ulisifiwa sana na unastahili sifa, lakini ulifunika ufichuzi wa pili, uliokuja tarehe 30 Juni katika sehemu ya mwisho kabisa, ambao ni mzito zaidi na ambao haujapewa haki yake. Katika sehemu ya katikati Master, akiwa amerudi hadi karne ya 21 kwa TARDIS aliyoiiba, amejifanya mwanasiasa aitwaye Harold Saxon, jina lililokuwa likitajwa kwa mbali msimu mzima, na amechaguliwa kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kwa msaada wa setilaiti 15 zinazopenyeza mapigo manne ya ngoma katika simu za watu wote na kuwafanya wamwamini. Anapoikamata dunia anashusha kutoka angani matufe ya chuma bilioni 6, yenye sauti za kitoto na visu vinavyochomoza, na kuyaamuru yaue mtu mmoja katika kila watu kumi. Anayaita Toclafane, na Daktari anajua kwamba hilo ni jina la kutishia watoto tu, kama vile mama wa Kiswahili anavyomtaja zimwi ili mtoto alale. Hakuna viumbe wa jina hilo. Ni nini basi?

Jibu linapatikana mwaka mmoja baadaye wa hadithi, pale Martha, ambaye amezunguka dunia nzima kwa miguu, anapofika kwa mwanasayansi aitwaye Profesa Docherty, nao wakafanikiwa kulinasa tufe moja kwa umeme na kulibandua. Chuma kinafunguka kama kokwa. Ndani kuna kichwa cha binadamu kilichosinyaa hadi kubaki na ukubwa wa ngumi, kimefungwa kwa nyaya, na kichwa hicho kinafungua macho, kinamtazama Martha na kumwita kwa jina lake, kwa upendo, kikimshukuru kwa kuwasaidia kuruka. Kisha kinataja mbingu zilizotengenezwa kwa almasi. Martha anarudi nyuma kana kwamba amepigwa kofi, na mtazamaji mwenye kumbukumbu anarudi nyuma pamoja naye, kwa sababu katika ile ngome ya mwaka trilioni 100 kulikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Creet, mwenye daftari la kuhesabia watu, ambaye Martha alimuuliza anatarajia kuona nini huko Utopia, naye akajibu kwamba mama yake alimwambia mbingu za huko zimetengenezwa kwa almasi.

Utopia haikuwepo. Roketi ilifika mahali pasipo na kitu, penye giza na baridi ya mwisho wa ulimwengu, na wasafiri wake, walipokosa pa kwenda, walianza kujikatakata wenyewe ili wadumu, wakaitupa miili, wakabakiza vichwa, wakaunganisha kumbukumbu zao zote kuwa moja na akili zao zikarudi utotoni, hadi Master alipowakuta na kuwaahidi nyumba. Nyumba hiyo ni Dunia ya mababu zao. Ili vitukuu waweze kuwaua mababu bila wao wenyewe kutoweka, Master ameigeuza TARDIS kuwa mtambo wa kuuzuia mkanganyo wa wakati, yaani ile hali ya tokeo kulifuta chanzo chake lenyewe, ambayo kwa kawaida ulimwengu hauwezi kuivumilia. Ulipoulizwa ule mdomo uliosinyaa kwa nini waje kuua, ulijibu kwamba kuua kunachekesha.

Hapo ndipo mambo yaliyopita yanapobadilika maana kwa kina kuliko yalivyobadilika saa ilipofunguliwa. Ufichuzi wa kwanza ulimwathiri Yana peke yake. Ufichuzi wa pili unaifikia roketi yenyewe, ile iliyounganishwa kwa kamba na pini, ile ambayo Daktari aliishangilia, akaikamilisha kwa mikono yake na kuirusha, huku Jack akijitosa kusaidia na Martha akimhimiza Creet akawahi kiti chake. Kila mwema aliyemo katika sehemu ya kwanza alisukuma mlango wa lile jeneza ili lifungwe vizuri. Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyetenda kwa nia mbaya, wala Yana hakuwa Master alipokuwa akikaza nyaya. Bunilizi za kisayansi zimekwisha kuwafanya wanadamu maadui mara nyingi, kwa tamaa yao au kwa vita vyao, lakini ni nadra kuonyesha adui aliyezaliwa kutokana na msaada uliotolewa kwa moyo safi kwa watu waliouhitaji kweli.

Kuhusu namna Dunia inavyookolewa, hakuna haja ya kusema mengi. Mwaka mzima Martha amekuwa akisimulia habari za Daktari kambi hadi kambi, na silaha aliyosemekana kuikusanya haikuwepo. Hadithi yenyewe ndiyo iliyokuwa silaha, kwa kuwa watu wote wanalitamka jina moja kwa wakati mmoja, na zile setilaiti za Master zinaigeuza imani yao kuwa nguvu inayomrejesha Daktari aliyekuwa amezeeshwa na kufungiwa kizimbani kama ndege. Wapo walioliona jambo hilo kuwa jepesi mno, na lawama yao ina uzito, ingawa jamii zilizolelewa na masimulizi ya jioni hazitaona ajabu mtu mmoja akitembea mwaka mzima na kisa kimoja kinywani. Jack anauharibu mtambo, wakati unarudi nyuma hadi dakika mbili baada ya saa mbili asubuhi, kabla ya tufe la kwanza kuua umma, na mwaka wote wa mateso unafutika isipokuwa katika vichwa vya wachache waliokuwa kwenye kiini chake. Master anapigwa risasi na mkewe, anakataa kujigeuza, na Daktari anamlilia akiwa amempakata mikononi kama ndugu wa damu, tukio ambalo Tennant aliliigiza bila kujizuia hata kidogo.

Toclafane hawaliliwi. Daktari anaeleza kwa sentensi moja kwamba wamebaki wamenaswa kule mwisho wa ulimwengu, na hadithi inapita. Hii ndiyo kasoro ya kweli ya mwisho huu, kubwa kuliko ile ya setilaiti na maombi, kwa kuwa mtunzi aliyekuwa na ujasiri wa kulibandua lile tufe hakuwa na ujasiri, au pengine hakuwa na dakika, za kuwatazama tena waliomo ndani. Wakati uliporudishwa nyuma uliwaokoa mababu. Vitukuu haukuwafikia, maana roketi yao ilikuwa imesharuka, na bado ingali inaruka kuelekea palepale.

Katika dakika za mwisho Martha anamtafuta Profesa Docherty, ambaye katika mwaka ule uliofutika alimsaliti kwa Master ili apate habari za mwanawe. Docherty hamkumbuki, kwa kuwa kwake hakuna kilichotokea. Martha anampa shada la maua, anamwambia kwamba hana kinyongo naye, na anaondoka, akimwacha mama yule amesimama na maua mkononi asijue amesamehewa nini. Kwa Creet, na kwa mama yake aliyemwambia habari za almasi, hakuna aliyenunua maua.